Moyo Uliosomewa Tanga

Sikukuu ya Idd Muzamil alirudi Mtwara kutoka Tanga, anakofanya kazi ya kuendesha kreni bandarini, na katika zawadi alizombebea mkewe Hafsa kulikuwa na saa ya mkononi, ya zile zinazopima mapigo ya moyo. Ilikuwa na mkanda wa mpira wa rangi ya zambarau na kioo kidogo cheusi, na ukiigeuza unaona taa ya kijani inapepesa mgongoni. Alimfunga mwenyewe, akaukaza mkanda taratibu, akamuuliza kama unambana.

"Haunibani."

"Basi usiivue. Hata ukilala, hata ukioga. Haiingii maji."

Hafsa alifurahi. Walikuwa na miaka mitatu ya ndoa, na zaidi ya nusu ya muda huo Muzamil alikuwa mbali. Yeye alishona nguo katika kibanda cha kupanga karibu na soko la Chikongola, na wateja waliokuja kuchukuliwa vipimo walimshika mkono wakaitazama saa, wakamwambia ana bahati ya mume. Alikubaliana nao.

Kitu kimoja hakukijua. Muzamil ndiye aliyeiunganisha saa ile na simu, na akaunti aliifungua kwa jina lake na kwa neno lake mwenyewe la siri. Kila namba iliyoonekana kwenye simu ya Hafsa pale Mtwara ilionekana vilevile kwenye simu ya Muzamil kule Tanga.

Alikuja kukijua siku alipopigiwa simu jioni, kama kawaida, Muzamil akitoka zamu.

"Leo asubuhi moyo wako ulikimbia," Muzamil alisema. "Ulifika mia na thelathini. Ulikuwa wapi?"

Hafsa akafikiri. "Nilikuwa nachota maji. Bomba letu halikutoa, nikaenda kwa jirani."

"Maji tu?"

"Ndoo mbili, Muzamil, za kichwani."

Muzamil akacheka, naye Hafsa akacheka. Aliuchukulia kuwa utani wa mtu aliyemkumbuka mkewe. Lakini wiki iliyofuata aliulizwa tena, na iliyofuata tena, na kicheko hakikuwepo. Siku moja ilikuwa amekimbilia bajaji. Siku nyingine amegombana na mteja aliyekataa gauni kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amenenepa tangu apimwe. Kila mara ilibidi akumbuke alikuwa wapi, na nani, anafanya nini. Mwisho akajizoesha kutembea polepole sokoni, asije akawa na jambo la kueleza jioni.

Kipupwe kilipoingia alianza kusikia baridi. Kwanza hakushangaa, upepo wa kusi ulikuwa unavuma na watu wengi pale mtaani kwao Ufukoni walivaa masweta asubuhi. Kipupwe kikaisha, korosho zikaanza kuokotwa, jua likawa la kuunguza lami, na Hafsa bado alikaa kwenye cherehani na sweta limefungwa vifungo vyote. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Akiamka, uso umevimba. Sauti yake ikawa nzito, ya kukwaruza, hata mteja mmoja akamuuliza kama ana mafua. Na usingizi ulimshika vibaya. Alilala mara tu akishasali Isha, akaamka amechoka vilevile, na mguu wa kukanyagia cherehani ukawa kama umejazwa mchanga.

Aliishi na wifi yake, Zuhura, dada mkubwa wa Muzamil, aliyekuwa ameachika na kurudi nyumba ya wazazi wao. Zuhura alikaanga samaki barazani, na macho yake yalikuwa mepesi.

"Wifi, huna mimba wewe?"

"Ningekuwa nayo ningekwambia wa kwanza."

"Basi una nini?"

"Uchovu tu."

Muzamil naye aliona, ila aliona namba.

"Zamani ukikaa tu moyo wako ulikuwa sabini na kitu," alimwambia. "Sasa hamsini na mbili."

"Ni vizuri au vibaya?"

"Nakuuliza wewe. Nimekuwa naangalia, Hafsa. Mwanzoni nikikupigia, namba inapanda. Ukisikia sauti yangu tu, inapanda. Sasa hivi tunaongea na haijatikisika. Tazama mwenyewe."

Hafsa akatazama mkono. Hamsini na moja.

"Sijui," alisema. "Sijui kwa nini."

"Moyo haudanganyi. Mdomo ndio unadanganya."

Usiku ule Hafsa hakulia. Alitaka kulia, lakini hata hilo lilikuwa kazi.

Nyumba ya pili alipanga Mwalimu Rozalia, mtu wa Mbeya, aliyefundisha michezo sekondari. Alfajiri alikimbia kando ya bahari, na alikuwa na saa kama ile. Hafsa akamfuata siku ya Jumamosi mwalimu akiwa anafua, akamwonyesha mkono. Rozalia akafuta povu kwenye vidole akaushika.

"Arobaini na tisa? Dada, mimi nakimbia tangu nije Mtwara na sijafika huko! Hii ni nzuri. Moyo ukiwa na nguvu, pigo moja linasukuma damu nyingi, kwa hiyo ukipumzika hauna haja ya kupiga haraka. Wakimbiaji wote wakubwa wako hivi."

"Mimi sikimbii, mwalimu."

"Lakini unakanyaga cherehani kutwa nzima. Hilo ni zoezi, mwenzangu."

Wakacheka. Hafsa alirudi nyumbani amefarijika, na jioni alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Mwalimu Rozalia anasema huu ni moyo wa mwanamichezo."

"Wewe ni mwanamichezo?"

"Hapana."

"Basi." Kisha Muzamil akasema taratibu, kama mtu aliyelifikiria neno lake siku nyingi: "Mwanamke akipoa namna hiyo, yupo anayempoza. Na unanenepa, nimekuona kwenye picha. Nani anakulisha?"

Hafsa hakuwa akila. Chakula kilimkaa kooni. Alitaka kumweleza hivyo, akajua kitakachofuata ni swali jingine, akaacha.

Njia aliyoipata aliipata mwenyewe, na hakumwambia mtu. Jioni, Muzamil akikaribia kupiga, alifunga mlango wa chumba, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akakimbia pale pale alipo juu ya mkeka. Alipandisha magoti, akarukaruka, huku mkono mmoja umeshika kabati kwa sababu ya kizunguzungu. Simu ikiita alikaa kitandani, akavuta pumzi mara mbili tatu, akapokea.

"Leo je!" Muzamil alisema siku ya kwanza, na furaha yake ilisikika mpaka huku. "Tisini na tatu! Ulinikumbuka?"

"Nilikukumbuka."

Akazungumza naye vizuri siku ile. Alimweleza juu ya meli iliyokwama, juu ya mwenzake aliyeangusha simu baharini, akamuuliza kama anataka aletewe kitambaa gani. Hafsa alisikiliza huku jasho la baridi linamtiririka mgongoni. Alikuwa amesahau kwamba Muzamil anaweza kuongea hivyo. Kesho yake akakimbia tena.

"Wifi, unatwanga nini humo ndani?" Zuhura aliuliza kupitia mlango.

"Mazoezi."

"Mtu hawezi kupanda ngazi ya baraza bila kupumzika, anafanya mazoezi!"

Ikawa desturi ya kila jioni. Lakini siku zilivyokwenda moyo ukawa mgumu kupanda. Aliruka mpaka magoti yakatetemeka, akatazama saa, sitini. Akaruka tena. Jioni moja ya mwezi wa Novemba alihisi miguu si yake, mlango ukasogea mbali, kioo cha kabati kikawa cheusi. Zuhura alisikia kishindo, akaita, hakuitikiwa. Aliusukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Hafsa alikuwa amelala kati ya kitanda na kabati, paji la uso limechanika, na simu inaita kitandani.

Zuhura akaipokea kwa mkono uliolowa damu.

"Muzamil, mkeo ameanguka! Hasemi!"

"Ameanguka wapi?"

"Chumbani!"

"Yuko na nani?"

Zuhura akakata simu.

Alipiga kelele, Mwalimu Rozalia akaja mbio na khanga ya kupikia kiunoni. Akapiga magoti, akaweka vidole chini ya kidole gumba cha Hafsa, akahesabu kwa kutazama saa yake mwenyewe. Akaacha, akaanza upya, akidhani amekosea. Hakukosea. Yalikuwa mapigo thelathini na nane. Hakusema tena habari za wakimbiaji. Alitoka barabarani bila viatu kusimamisha bajaji.

Hospitali walimshona paji la uso na kumlaza. Daktari aliyempokea aliitwa Glory, mwanamke kijana, mwenye mikono ya joto. Alipoambiwa kuhusu saa, aliitazama, kisha akaushika mkono na kuhesabu mwenyewe dakika nzima, halafu akaagiza kipimo cha umeme wa moyo.

"Saa hizi hukosea," alisema. "Mkanda ukilegea, au mikono ikiwa ya baridi, inakupa namba ya ajabu. Ndiyo maana tunahesabu kwa mkono. Ila hii haikukosea."

"Niliambiwa kushuka ni dalili nzuri," Hafsa alisema.

"Inaweza kuwa nzuri. Mtu anayefanya mazoezi, anayelala na kuamka mzima, hana kizunguzungu, moyo wake ukipiga hamsini au chini kidogo hatuna shida naye. Wengine wanazaliwa hivyo. Hata wewe na mimi tukilala unashuka. Lakini ukishuka kutoka pale ulipouzoea, huku mwenyewe unachoka, unaona giza, unaanguka, hapo tunatafuta sababu. Kuna dawa unazokunywa? Za presha?"

"Hapana."

"Unasikia baridi kuliko wenzako?"

Hafsa akamtazama. "Ndiyo."

"Nywele zinatoka?"

"Ndiyo."

"Sauti yako ilikuwa hivi tangu zamani?"

"Hapana."

Daktari alimpapasa shingo, akamgonga goti kwa kinyundo, akatazama jinsi mguu unavyorudi polepole. Akachukua damu, akasema kipimo kile kitapelekwa Dar es Salaam na majibu yatachelewa kidogo, ila yeye ana wazo.

Wazo lake ndilo lililokuja kuwa kweli. Mbele ya shingo kuna tezi, akamweleza, na tezi hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Ya Hafsa ilikuwa imelegea. Ndiyo maana kila kitu kilikwenda taratibu, moyo, tumbo, akili, nywele kuota, mwili kupata joto, na ndiyo maana alinenepa bila kula. Dawa yake ilikuwepo, kidonge kimoja asubuhi kabla ya kula, pengine maisha yake yote.

"Nilidhani nimekuwa mvivu," Hafsa alisema.

"Nani alikwambia?"

Hafsa akavuta shuka mpaka kifuani.

Muzamil alifika kabla ya majibu. Alikuja kwa basi, macho mekundu, na mfuko wa machungwa ya Muheza. Aliushika mkono wa mkewe akaubusu mbele ya wagonjwa wote, na wanawake wa wodini wakatazamana kwa kumwonea Hafsa wivu. Zuhura aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kitanda alinyanyuka, akatoka nje.

Daktari Glory alipopita aliuliza hali hii ilianza lini. Hafsa alisema hakumbuki, labda wakati wa kipupwe.

"Mimi najua," Muzamil alisema. Akatoa simu mfukoni. "Daktari, ninazo zote."

Akafungua programu, akamwonyesha mchoro. Mstari ulianza juu, ukashuka, ukashuka, kama njia inayoteremka ufukweni. Aliusogeza kwa kidole mwezi hadi mwezi, akieleza hapa ilikuwa sabini, hapa sitini, hapa hamsini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Ulikuwa unaziona hizi tangu Julai?" daktari aliuliza.

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Ukafanya nini?"

"Nilimuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

Muzamil akamgeukia Hafsa, kama mtu anayemtaka mwenzake amsaidie kukumbuka. Hafsa alikuwa anatazama machungwa.

"Aliniuliza niko na nani," alisema.

Daktari akaandika kitu kwenye faili bila kuinua kichwa. Aliandika muda mrefu. Kisha akaenda kitanda kinachofuata.

Kwa jambo lile Hafsa alimsamehe. Alijiambia kwamba hakujua, kwamba hata Mwalimu Rozalia aliyesoma alikosea, kwamba mtu aliye mbali hushikilia chochote anachokipata. Majibu yalipokuja daktari alimweleza Muzamil yote, naye akarudi Tanga. Hafsa akaendelea na vidonge, na baada ya wiki kadhaa baridi ikaanza kumtoka kama mtu anayevuliwa nguo zilizolowa. Alivua sweta. Akakanyaga cherehani mpaka adhuhuri bila kusinzia. Jioni moja alimcheka Zuhura aliyeteleza kwenye magamba ya samaki, akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe kina sauti yake ya zamani.

Simu ikaita.

"Sitini na saba!" Muzamil alisema. "Leo sitini na saba, umekaa tu! Unaona? Umerudi."

"Nimerudi wapi?"

"Kwangu."

Hafsa alikuwa na sindano mkononi. Akaichoma kwenye mto wa sindano.

"Ni vidonge, Muzamil. Daktari alikueleza."

Upande wa pili zikasikika honi za magari ya Tanga. Kisha akasema, na hakukuwa na mzaha hata kidogo katika sauti yake:

"Kwa hiyo bila vidonge hunipendi."

Hafsa alingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anangoja jibu. Wakati ule Hafsa alielewa kwamba mumewe alikaa hospitali, akasikia yote, akamwitikia daktari kwa kichwa, na hakuna kilichoingia. Na kwamba angeweza kufa pale kati ya kitanda na kabati, mumewe akaisoma sifuri kama habari nyingine inayomhusu yeye.

Akaaga kwa adabu. Akavua saa, akaiweka juu ya kabati, na kesho yake akamwita mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, apakie cherehani na masanduku mawili. Zuhura alimsaidia kubeba.

"Ni ndugu yangu tumbo moja," Zuhura alisema wakipakia cherehani. "Nikikwambia uende nitakuwa nimemkosea. Lakini mimi ndiye niliyeipokea ile simu."

Hafsa alikwenda kwa baba yake, Mzee Abdulrahmani, Mikindani. Mzee hakumuuliza mengi. Alimpa chumba cha nyuma, na jioni akanunua samaki mkubwa kuliko kawaida. Lakini Muzamil alipokuja kwa likizo na ami yake, kikao kikakalishwa sebuleni kama inavyopasa, na ami ndiye aliyeuliza.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekunyima matumizi?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Sidhani."

"Sasa, binti yangu, kosa lake nini?"

Hafsa alikuwa amelifanyia mazoezi neno lake tangu alfajiri. Sasa lilipotakiwa lilionekana dogo. "Miezi yote ile alikuwa anauona moyo wangu unashuka," alisema. "Kila siku. Na hakuniuliza hata mara moja naumwa nini."

Ami akawageukia wazee wenzake. "Mwanamume yuko Tanga, kazi ngumu, na kila siku anatazama moyo wa mkewe. Wangapi wanafanya hivyo?"

Muzamil akaanza kulia. Alilia kweli, kwa kwikwi, akifuta uso kwa kofia yake, akasema alimpenda na bado anampenda, na hajui amekosea nini. Wazee wakatazama chini. Mzee Abdulrahmani alisogea akamwekea mkono begani, huyo mkwe, si binti yake.

Wakaamua Hafsa akae kwa baba yake mpaka apate nguvu, kisha arudi kwa mumewe. Na saa aivae, ami aliongeza, sasa kwa kuwa ana ugonjwa itamsaidia. Muzamil akaitoa mfukoni, imechajiwa tayari, akainyoosha. Hafsa hakuipokea. Aliomba ruhusa akaenda uani.

Wanaume wakaletewa pilau. Uani Hafsa aliosha sahani huku akiwasikia wakizungumza bei ya korosho, kisha mpira, kisha Muzamil akacheka jambo fulani, kwanza kidogo, halafu kwa sauti. Baba yake Hafsa alimsindikiza Muzamil hadi kwenye bodaboda. Maneno yao yalipita juu ya ukuta.

"Mvumilie, mwanangu. Ugonjwa huu unawavuruga akili kidogo."

"Namvumilia, mzee."

Hafsa hakurudi Ufukoni. Nguvu zilipomrejea, baba yake alimkumbusha mara moja, akamtazama usoni, hakumkumbusha tena. Alitafuta kibanda kingine pale Mikindani, akashona. Aliomba talaka kwa njia ya wazee, akaomba tena mwenyewe kwa simu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Muzamil alisema hawezi kumwacha mke mgonjwa. Alilisema hilo msikitini pia, walipomuuliza, na watu wakamsifu.